Beji ya Arokiasamy

Mwongoza wageni hodari kuliko wote hapa Kodaikanal, milimani kusini mwa India, ni mimi, Chinnappan, niliyeishia darasa la nne. Wa pili ni shemeji yangu Arokiasamy, ingawa kwa miaka kumi na miwili hakuwa na beji. Aliuza karoti.

Alivuliwa beji mwaka ule kurinji ilipochanua, ua letu linalofunika milima kwa buluu kisha linajificha miaka kumi na miwili. Tajiri wa Chennai, Bwana Venugopal, alipiga kelele kando ya ziwa kwamba shemeji kamwibia saa. Jioni ileile aliikuta ndani ya soksi yake, ndani ya basi. Dereva alituambia. Lakini waongozaji tuna sheria yetu: beji iliyovuliwa kwa mdomo wa mgeni hurudishwa kwa mdomo wa mgeni huyohuyo, palepale kwenye kibanda chetu, mbele ya wenzetu.

"Atakuja," shemeji alikuwa akisema. "Mkewe aliondoka akililia lile ua, hajaliona. Ngoja lichanue."

Mwaka huu limechanua. Mvua imeharibu miteremko yote ila mmoja, na njia yake tunaijua sisi wawili tu. Juzi saa mbili asubuhi, nani kashuka kwenye basi? Tumbo limeongezeka, majivuno yaleyale! Pembeni mkewe, Mama Vasantha, na goti lake bovu. Basi lao lingeondoka saa saba.

"Nipeleke kwenye maua," bwana akamwamuru shemeji.

"Kwanza waambie hawa saa uliikuta wapi," shemeji akasema.

"Mimi? Nimnyenyekee muuza karoti?"

"Umevaa soksi leo, mkubwa?" nikamwuliza. Wenye farasi walicheka mpaka farasi wakashtuka.

Akaketi kwenye benchi, kanuna. Basi mimi nikampandisha mama kwenye farasi wangu. "Twende, mama, tuwaache madume wanuniane."

Aliyaona yote, mlima mzima, akalia kwa furaha. Tuliporudi, saa tano kasorobo, bwana bado yuko kwenye benchi.

"Mimi nimeona," mkewe akamwambia. "Wewe kaa na kiburi chako."

Hilo lilimchoma. Akasimama. "Saa... niliikuta kwenye soksi."

"Sauti, mkubwa! Muuza chai hajasikia," shemeji akasema.

Alirudia mara tatu. Mwenyekiti wetu akaibandika beji kwenye sweta la shemeji, ambaye hakutabasamu hata kidogo.

Kisha shemeji akampeleka bwana, polepole, akisimama kumsalimia kila ng'ombe njiani. Walipofika, ukungu ulikuwa umeshapanda, kama kila siku saa sita. Bwana hakuona hata viatu vyake.

"Maua yako wapi?"

"Mbele yako, mkubwa. Mlima mzima."

"Basi tungoje ukungu uondoke!"

"Huondoka saa kumi. Basi lako saa saba."

Akaomba walau achume moja, apapase tu. Shemeji akamshika mkono kwa heshima zote, akamgeuza kuelekea ziwani. Kuchuma ni kosa, alimweleza, na yeye ni mwongozaji mwenye beji.