Vibanio Vilivyoezeka Paa la Sinagogi

Siku yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa funguo kumi na tisa na ndoo tano. Funguo nilizielewa.

"Na ndoo ni za nini, Monsieur le Président?"

Mwenyekiti wa jumuiya, mzee mrefu mwenye tai iliyonyooka kuliko reli, alinyoosha kidole kuelekea dari. Tone likamwangukia puani.

"Umepata jibu," akasema.

Nilikuwa nimetoka Uvira, kule Kongo, kwa njia ndefu, na katika ukoo wetu mzima hakuna aliyewahi kukanyaga sinagogi, nyumba ya sala ya Wayahudi. Basi nikawa konsierji, yaani mtunza jengo, wa sinagogi la Brussels lililomzidi umri babu wa babu yangu. Ninyi vijana mnaoanza kazi za majengo, jifunzeni kwanza ugonjwa wa paa. Letu lilikuwa la mabamba ya zinki juu ya mbao. Pale miteremko miwili inapokutana pana mfereji wa bati. Huo ukitoboka, maji hayaanguki hapo hapo. Yanatembea juu ya mbao kama mtalii, kisha yanashuka mahali yanapopenda. Yetu yalipenda roshani ya wanawake, kule juu ndani wanakosalia. Mvua moja tu ya Novemba, naapa, ingemwogesha kiboko na wakwe zake.

Chini ya mwenyekiti wa kwanza tulipiga viraka. Chini ya wa pili tulipiga viraka juu ya viraka. Mimi jioni nilikuwa nasoma shule ya watu wazima kule Molenbeek, miaka minne, ukatibu na uwekaji hesabu, nikatoka na cheti kikubwa kama mlango. Mwenyekiti wa tatu, mwanasheria aliyezungumza kama mtu anayewahi tramu, alipokiona akanipandisha cheo: konsierji na katibu.

Mwaka huohuo komini, yaani serikali ya mtaa, ikatuma mkaguzi. Alipanda darini amevaa nguo nyeusi, akashuka mweupe kwa vumbi, akaandika: kazi isipoanza kabla ya majira ya baridi, jengo linafungwa. Mkoa ulikubali kulipa sehemu ya gharama, kwa kuwa jengo ni la kihistoria, ila jumuiya ioneshe kwanza kwamba sehemu yake ipo. Na tayari kampuni moja ya magorofa ilikuwa imeleta barua ya kutaka kununua. Likifungwa, bon, kila mtu angeelewa halitafunguliwa tena.

Sasa sikieni jinsi watu hawa wanavyochanga. Jioni inayofungua Siku ya Upatanisho, siku yao ya kufunga, takatifu kuliko zote, hata asiyeonekana mwaka mzima anakuja. Hapo ndipo mwenyekiti anaomba michango. Lakini siku hiyo hakuna kuandika wala kushika pesa. Donc kila mtu anakuta kadi yenye jina lake, na pembeni ina masikio madogo ya karatasi, kila sikio na kiasi chake. Unakunja sikio la kiasi unachoahidi, basi. Kulipa ni baada ya sikukuu.

Mimi, mtu wa cheti, niliyachukia masikio hayo. Yalijikunjua yenyewe. Aliyeahidi paa zima alionekana ameahidi msumari. Nikaagiza kadi mpya mia tatu, zenye mistari ya vitundu, ili mtu achane kiasi chake, kra!, kama tiketi. Za zamani nikazitupa zote. Nilijiona waziri.

Siku yenyewe, saa tisa alasiri, Rabi, kiongozi wao wa dini, alipita ofisini kututakia heri. Akainua kadi moja. Akaitazama. Akaketi.

"Monsieur Faustin, kila Ijumaa nani hukata karatasi za chooni vipande vipande kabla jua halijazama?"

"Ni mimi, Monsieur le Rabbin."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu Sabato na siku nyingine takatifu hamruhusiwi kuch..." Nikaitazama kadi mkononi mwake.

"Kuchana," akamalizia Rabi kwa upole.

Mwenyekiti akashika kichwa. "Miaka kumi na moja unatukatia karatasi ya choo, leo unachapishia watu mia tatu dhambi yenye vitundu!"

"Imechapishwa vizuri lakini, Monsieur le Président."

"Faustin!"

Kuzikunja haikuwezekana, zilichanika ukizitazama tu. Jasho lilinitoka la kujaza zile ndoo tano. Ndipo macho yangu yakaangukia barua mezani, zimeshikwa na kibanio cha waya.

"Na kama mtu anachomeka kibanio juu ya kiasi chake? Haandiki, hachani."

Rabi alichukua kibanio, akakichomeka kwenye kadi, akakichomoa. "Vikiandaliwa kwa kazi hiyo kabla ya jua kuzama, naruhusu. Kimbia."

Nilikimbia mpaka Molenbeek, duka la vifaa vya shule karibu na mfereji wa mashua, kwa Si Brahim, yaani Bwana Brahim, mwenzangu wa darasa la jioni.

"Vibanio mia tatu? Papa Faustin, unafungua wizara?"

"Ni paa la sinagogi."

"Ah, lile la ndoo!" Mtaa mzima ulijua. "Vimebaki vya rangi tu."

"Hata vya dhahabu, Brahim! Jua linazama!"

"Basi unasimama nini? Toka, utalipa Jumatatu!"

Jioni ile mwenyekiti alisema maneno machache: "Tazameni juu. Kisha tazameni kadi zenu." Ukumbi ukajaa sauti ndogo, tik, tik, tik. Kadi zikakusanywa, zikafungiwa kabatini mpaka sikukuu iishe. Nilikonda kilo kumi, na wala si mimi niliyefunga.

Asubuhi baada ya sikukuu tulihesabu. Mweka hazina, mfamasia mstaafu, alisoma, nami nikaandika. Kadi ya mwisho ilikuwa ya Madame Esther, mjane kutoka mtaa wa Ganshoren aliyesali roshani na mwavuli pajani. Vibanio viwili, cha kijani na cha njano, juu ya viasi viwili.

"Kimoja kimeteleza," akasema mweka hazina. "Tuhesabu kidogo."

Kidogo hakikufikisha sehemu yetu. Kikubwa nacho, bado. Mwenyekiti akawa na rangi ya zinki.

"Mpigieni," nikasema.

"Madame, ahadi yako ni ya kijani au ya njano?" mwenyekiti akauliza kwenye simu.

"Zote."

"Zote mbili?"

"Ya kijani yangu. Ya njano ya marehemu mume wangu. Huyo hakuwahi kukubali nimlipie hata kahawa. Mmenipa kibanio kimoja, cha pili nimekiokota sakafuni. Kwani kuna tatizo?"

"Hakuna, Madame!" Mwenyekiti aliruka, mwanasheria mzima na viatu vyake vya ngozi, akanikumbatia mpaka miwani yangu ikapinda. Tulikuwa tumevuka lengo.

Mafundi walifika kabla ya baridi. Mkaguzi alirudi, akapanda, akashuka na karatasi tupu. Na paa lilipokamilika, Jumamosi moja mvua ya mawe ikaanguka katikati ya sala. Mwimbishaji akanyamaza. Watu wote wakainua nyuso, wakasikiliza. Halikushuka hata tone. Kutoka roshani Madame Esther akasema kwa sauti, "Endelea basi, tunakusikia!"

Nimestaafu sasa. Kwenu wenye vyeti vipya nasema: kabla hamjaboresha kitu cha watu, waulizeni kwa nini wanakifanya hivyo. Mvua ikianza, mke wangu bado hunitazama kama zamani, nilipokuwa nakimbilia ndoo.

"Papa Faustin, huvai viatu?"

Namwambia aongeze chai.