Usiku wa Nahodha, Kibaha

Kadi niliiandika mimi mwenyewe, kwa hiyo nina haki ya kuicheka kabla ya mtu mwingine. Ilikuwa nyeupe, maandishi ya dhahabu, na juu kabisa kulichorwa nanga. Nanga, Kibaha. Sisi maji tunayoyajua ni ya Ruvu, tena siku yakipenda kutoka bombani. Chini ya nanga niliandika: "Usiku wa Nahodha. Wanaume: suti nyeusi, shati jeupe na tai. Wanawake: gauni refu la usiku. Asiyezingatia mavazi hataruhusiwa kuingia." Hiyo sentensi ya mwisho hakuna aliyeniomba. Mimi ni afisa utumishi kwenye kiwanda kimoja Zegereni, na kila wiki nabandika matangazo ya namna hiyo kuhusu kofia ngumu na viatu vya usalama, kwa hiyo mkono ulijiendea wenyewe.

Shughuli ilikuwa ya kumuaga binti wa dada yangu aliyekuwa anaolewa. Alikuwa amerudi kutoka kwenye meli za kitalii, zile ndefu kuliko mtaa, zinazowazungusha wastaafu wa Ulaya visiwani. Alifanya huko mikataba mitatu akihudumu kwenye ukumbi wa chakula. Kwenye kikao cha maandalizi alituhadithia kwamba kila safari kuna usiku mmoja au miwili ambapo abiria wote huvaa rasmi na nahodha hushuka kuwasalimia. Mzee aliyeshinda kutwa nzima na kaptula kando ya bwawa, jioni anatokea amefungwa tai ya kipepeo hadi shingo imevimba. Asiye na koti haingii kula, ila mlangoni kuna makoti ya kuazima. Anavikwa moja, anakaa nalo, akishamaliza kula analirudisha.

"Sasa hiyo inawasaidia nini?" nilimuuliza.

"Inawasaidia kujiona, mama mdogo."

Jibu lilinitosha, na ningekuwa na akili ningeishia hapo. Lakini aliendelea. Alisema, "Mimi miaka yote hiyo nimesimama nyuma ya viti vyao nimeshika jagi la maji. Na mimi nataka nikae. Mara moja tu." Dada yangu akaanza kulia palepale, na dada yangu akishalia hakuna kikao tena. Ikapita bila kupigiwa kura.

Kikao kilinikabidhi mavazi na itifaki. Nikifikiria leo naona aibu, lakini siku ile nilikaa wima kwenye kochi la dada yangu nikajiona mtu mkubwa.

Lilibaki jambo moja, na ndilo lililokuwa shughuli yenyewe. Sisi ni watu wa Kisarawe. Kwetu baba analea na kusomesha, lakini siku mtoto wa kike anatoka, neno linasemwa na mjomba. Asiposema, hajakabidhiwa mtu, hata mkila ng'ombe wangapi. Mjomba ni mmoja, kaka yetu mkubwa, ambaye analima mihogo na mikorosho nje kidogo ya Kisarawe. Ndiye aliyetusomesha mimi na dada wazazi walipofariki, na baba wa binti naye alipofariki ni yeye aliyeendelea. Wazee wa upande wa bwana harusi, watu wa Singida, walielezwa mapema, wakakubali kwamba hawatainuka na binti mpaka mjomba aseme.

Nilimpigia simu kumweleza mavazi.

"Nitavaa kanzu," alisema.

"Kaka, kadi inasema suti na tai."

Akauliza, "Na hiyo kadi mimi inaniita nani?"

"Mjomba."

"Basi nitakuja."

Nikakata simu, nikamtangazia dada kwamba kaka kakubali suti. Hakuwa amekubali suti. Alikuwa amekubali kuja, na mtu yeyote anayemjua kaka yangu angeona tofauti. Lakini mimi nilikuwa na mambo mazito ya kushughulikia, kama vile uma.

Tulifanya mazoezi ya uma. Watu wazima tisa, wanakamati, tulikaa sebuleni kwa dada kila mmoja na uma tatu, visu viwili na vijiko viwili, binti akituelekeza kuanza na za nje tukiingia ndani. Kulikuwa na mjumbe mmoja, bwana mwenye heshima zake ofisini, aliyekuwa akikata ndizi kwa kisu na uma huku jasho linamtoka. Tuliulizana kwa sauti za chini iwapo mkate unakatwa au unamegwa. Kisha binti alipotoka kwenda kupokea simu, tulikusanyika jikoni tukala wali wa dada kwa mkono, haraka haraka, kama watoto walioiba.

Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi. Ukumbi ulikuwa kando ya barabara kuu, na mpambaji alikuwa ameufanya bahari. Kuta zilifunikwa vitambaa vya buluu, taa zikawa za buluu, na wageni wote walionekana wana upungufu wa damu. Keki ilikuwa meli ya ghorofa nne yenye mabomba ya moshi. Mshereheshaji alivaa kofia ya nahodha iliyomzidi, ikawa inamshuka usoni kila alipoinama kusoma ratiba.

Mlangoni tuliweka baunsa, kijana mpana asiyecheka, na kando yake tukatundika makoti manne ya kuazima tuliyoyakusanya kwa majirani. Nilimpa maelekezo mwenyewe.

"Asiye na koti unampa. Asiyetaka, haingii."

"Hata akija nani, mama?"

"Hata akija nani."

Nilipenda sana nilivyolisema lile neno. Nikaingia ndani na gauni langu refu, ambalo nilikuwa nalikanyaga kila hatua ya tatu.

Chakula kikaanza. Kwanza ilikuja supu ya kijani kwenye bakuli dogo, na nusu ya wageni wakadhani ndicho chakula, wakaimaliza na mkate wote, kisha wakakaa kusubiri kunawa. Baadaye kikaja kipande cha kuku kimelalia juu ya viazi vilivyopondwa, na karoti tatu zimesimamishwa wima pembeni kwa sababu ambayo mpaka leo sijaelezwa. Jirani yangu wa meza aliinua kuku kutazama kama kuna kingine chini. Wanawake waliozoea shughuli za pilau na vigelegele walikaa kimya wakiangalia mikono ya wenzao, nani kashika uma gani. Hakuna aliyeongea na jirani yake. Binti peke yake ndiye aliyekula kama mtu anayekula. Alikuwa amekaa meza ya mbele, mgongo umenyooka, mikono imetulia, na kila mhudumu alipopita nyuma yake aligeuka kumshukuru.

Dada aliniinamia sikioni. "Kaka yuko wapi?"

"Atakuwa njiani," nilisema. Kutoka Kisarawe mpaka kwetu ni kubadili magari matatu. Nilimpigia, simu ikaita bila kupokewa. Nikasema moyoni kwamba wazee wetu nao, hata siku kama hii hawawezi kuwahi. Niliyasema hayo huku napambana na kuku. Kisu kilikuwa butu, mfupa unateleza, na wazee wa Singida walikuwa meza ya pili wakinitazama. Wao walikuwa wanaendelea na uma zao vizuri tu, jambo ambalo liliniudhi zaidi. Koo lilinikauka. Nikaona mkono wa koti jeupe unapita, nikasogeza glasi.

"Maji," nilisema.

Akanimiminia taratibu, bila kumwaga hata tone kwenye kitambaa, akajaza mpaka juu. Nikasema asante, nikarudi kwa kuku wangu.

Sahani zilipoondolewa, mshereheshaji akasukuma kofia nyuma, akatangaza kwamba sasa umefika wakati wa mjomba wa binti kusema neno. Muziki ukazimwa. Watu wakageuka mlangoni. Hakuna aliyeingia. Akarudia, safari hii kwa utani, kwamba mjomba kama yuko ukumbini ajitokeze, meli isije ikang'oa nanga bila yeye. Wawili watatu walicheka. Wazee wa Singida walitazamana. Dada alinishika mkono chini ya meza, kucha zake zikaniingia, nikaanza kutafuta kichwani uongo wa kuwaambia wageni.

Hapo yule mhudumu aliyekuwa meza ya pili akimimina maji aliweka jagi mezani. Alifuta mikono yake. Akaenda mbele bila haraka, akiwa na koti jeupe la wahudumu na tai ya kipepeo ya kubana, na chini ya koti kulikuwa na kanzu. Alikuwa kaka yangu.

Nilikuja kuelezwa na baunsa baadaye. Kaka alifika mapema, akaenda kwanza kuswali magharibi msikiti wa jirani, na aliporudi makoti manne yote yalishachukuliwa. Baunsa akamwambia bila koti hawezi kuingia. Kaka akasema yeye ni mjomba. Baunsa akamwambia ameagizwa hata akija nani. Kijana yule alifanya kazi yake barabara, siwezi kumlaumu. Akamhurumia, akaenda kuomba koti na tai kwa watu wa chakula, akamvua na kofia yake. Kaka alivaa kwa sababu ndani kulikuwa na binti yake. Hatua tatu baada ya mlango, mtu mmoja akamwonyesha glasi tupu. Kaka yangu hajawahi kumnyima mtu maji. Aliangaza akaona jagi, akalichukua. Koti jeupe juu ya kanzu nyeupe, kwenye ule mwanga wetu wa buluu, meza moja ikampokeza nyingine mpaka akafika kwangu.

Pale mbele alivua ile tai, akavua koti, akalikunja vizuri akaliweka pembeni ya keki. Akatoa kofia yake mfukoni akaivaa. Mshereheshaji akampa kipaza sauti, akakataa kwa mkono.

"Mimi ndiye mjomba," alisema. "Wageni wetu mnisamehe nimechelewa kujitambulisha, nilikuwa nawapa maji. Huyu binti nimemwona alipozaliwa, na leo nimemwona amekaa anakula vizuri, nimefurahi. Mchukueni. Akiwa na kiu msimsubirishe. Akiwashinda, msimpige wala msimtukane. Mnirudishie mimi, Kisarawe sijahama."

Binti alikuwa ameshainuka kabla hajamaliza. Alipita katikati ya meza na lile gauni lake, akapiga magoti sakafuni mbele ya mjomba wake, akamshika mkono. "Shikamoo mjomba," alisema. Alikuwa anaitazama mikono ile iliyokuwa imeshika jagi. Mkubwa wa wazee wa Singida akasimama, akasema, "Tumepokea," akakaa. Mwanamke mmoja nyuma alipiga kigelegele, cha kwanza usiku ule, na wengine wakaitikia.

Binti alikwenda kwa mumewe amekabidhiwa, hilo namshukuru Mungu. Mimi nilibaki nimekaa. Glasi yangu ilikuwa mbele yangu imejaa mpaka juu, na sikuweza kuinywa wala kuisogeza. Kaka hakukaa kula. Alimwambia dada kwamba gari la mwisho la Kisarawe halisubiri, akaaga wazee, akaondoka na kanzu yake.

Jumapili iliyofuata nilikwenda Kisarawe. Njia nzima nilikuwa napanga maneno. Nilimkuta uani anamenya mihogo ya kuanika, nikamwamkia, "Shikamoo kaka," akaitika "Marahaba" akanisogezea kigoda. Nikaanza. Nilisema kwamba kwa niaba ya kamati ya maandalizi, na kwa niaba yangu binafsi kama msimamizi wa mavazi, tunasikitika kwa usumbufu uliojitokeza. Ndivyo nilivyosema, kwa kaka yangu aliyeninunulia sare ya shule. Maneno yalitoka yamepangwa mstari kama tangazo la kofia ngumu.

Aliniacha nimalize. Akachukua muhogo mwingine.

"Basi, usijisumbue," alisema. "Wewe si ulisema asante? Wenzako wote hawakusema."

Alisema kunipunguzia, na hakuwa na kejeli. Nikachukua kisu cha pili nikamsaidia kumenya, kichwa chini. Sikumwambia kwamba ile asante niliisema bila kuinua macho, kwa sababu yeye alikuwa amesimama pale, na alikuwa anajua.