Terhorst, kocha aliyefungwa mezani

Saa tano asubuhi, Jumapili. Ulf Terhorst amepiga magoti kwenye kona ya uwanja wa kijiji cha Eschendorp, anakisimamisha kibendera kilicholala upande. Magoti hayo yameshapasuliwa mara tatu, na kuinuka kwake ni shughuli.

"Kocha, achana na kibendera," anaambiwa na nahodha wake, Holger Nienhaus, mwenye miaka thelathini na minane. "Kasome kanuni."

"Nimeshazisoma."

"Baada ya kutuponza. Hongera."

Terhorst anakikandamiza kibendera ardhini. Leo wasiposhinda wanashuka daraja, na kosa ni lake.

Alicheza mpira wa kulipwa miaka kumi na mmoja, mechi 212, nyingi daraja la tatu. Sasa ana miaka arobaini na sita. Mchana anatengeneza mitambo ya kupasha nyumba joto, jioni anafundisha timu ya kijiji alikozaliwa, kwa posho ambayo anasema "inatosha mafuta ya gari na soseji moja."

Mwaka jana aliipandisha. Huko chini walikotoka, mchezaji aliyetolewa anaruhusiwa kurudi uwanjani. Huku juu, akitoka ametoka. Mwezi wa Aprili wakiongoza mabao mawili kwa moja, dakika ya themanini na nane, beki wao akaumia. Terhorst akamwita Holger, aliyekuwa ameshapumzishwa, akamrudisha. Mwamuzi naye hakushtuka. Wakashinda uwanjani, na wiki iliyofuata wakafungwa mezani: pointi zote tatu zikaenda kwa wapinzani.

"Mazoea tu," anasema. "Miaka mitatu nilifanya hivyo kila Jumapili. Mkono ulimwita kabla sijafikiri. Kuwaambia wachezaji niliona aibu, masikio yaliwaka."

Saa tisa mpira unaanza. Saa kumi na moja kasorobo umekwisha, sare ya bao moja kwa moja. Eschendorp wameshuka kwa kupungukiwa pointi moja. Zile za Aprili zingewabakiza.

Mwenyekiti wa klabu, Annegret Lücking, anamkuta kocha amekaa peke yake kwenye benchi.

"Barua ya kujiuzulu unayo?"

"Iko mfukoni, mama."

"Kawashe jiko la soseji. Kamati imeshakaa, unabaki. Na maji ya bafuni ni ya baridi tangu Ijumaa, kwani fundi ni nani hapa?"

Holger anapita na viatu mkononi. Alipanga kustaafu leo.

"Umeniharibia hata kustaafu," anamwambia. "Basi, mwaka mmoja. Mmoja tu, Ulf."

Terhorst anafuta macho kwa mkono wa koti, wala hajifichi. Anataka kupanda tena msimu ujao.

"Nikishindwa, wanifukuze," anasema. "Ile mechi hawa waliishinda kwa miguu yao, mimi nikawanyang'anya kwa kunyoosha mkono. Siondoki mpaka niwarudishie."