Nyayo za Tairi Uani

Mimi si mtu wa wivu. Naanza na hilo kwa sababu mke wangu akisimulia ataanza na kinyume chake, na watu humwamini yeye upesi kuliko mimi.

Tulihama Kanazi kufuata ardhi, tukapata shamba Bisibo, jirani na Msukuma mmoja aliyekuja na ng'ombe wake kutoka Shinyanga. Mtu mrefu, mpole, anavaa katambuga, vile viatu vinavyokatwa kwenye matairi chakavu. Alitupokea kwa maziwa na hakuacha kuyaleta. Mwanamume anayekuletea maziwa mwaka mzima bila kuomba hata mhogo, mimi namtilia shaka.

Mvua za mwaka juzi ndipo nilipoziona nyayo. Alama za tairi, pana, zilitoka shamba la mihogo, zikapita nyuma ya migomba, zikakoma ukingoni mwa ua. Kuanzia hapo kulikuwa na nyayo za mke wangu, peku, kana kwamba alitoka kumpokea mtu. Kesho yake zikawapo tena. Nilizipima kwa shubiri: mguu wa mwanamume, bila ubishi.

Ningeweza kuuliza. Nilijiambia kuuliza ni kumshtua mwizi, na kwamba baba mwenye nyumba halindi mji wake kwa maswali. Nikashika fagio nikafagia ua mchana kweupe, ili nyayo mpya zionekane vizuri. Mke wangu akauliza kama naumwa. Kisha nikaenda kwa jirani, nikanywa maziwa yake huku macho yangu yako miguuni pake. Tairi lilelile. Nikashukuru, nikaondoka na hasira, na chini ya hasira, nikiri, nilifurahi kwamba sikukosea.

Wiki hiyo jumuiya ya kanisa ilisali nyumbani kwetu, na mwenyekiti wake ni mimi. Sikumtaja mtu, hilo nalisisitiza. Ulipofika wakati wa maombi niliomba tu kwamba Mungu awaguse wanawake wanaofungua mlango wa nyuma, na wanaume wanaoingia miji ya wenzao kwa viatu vya matairi. Watu wakainamisha vichwa.

Mke wangu akainuka akatoka. Nilidhani anakimbia aibu. Akarudi na katambuga mbili zenye matope mabichi, akaziweka katikati yetu, kando ya mshumaa.

"Mwenyekiti, mwenye nyayo ni mimi," alisema. "Miiba ya shamba lako inatoboa ndala. Nilikuomba mabuti, ukanunua ya kwako. Nikasema basi nitavaa hizi, ukasema mke wako hawezi kutembea kama mchunga ng'ombe. Ndiyo maana nazivua ukingoni mwa ua na kuzificha migombani, wewe usiaibike."

Mama mmoja akauliza taratibu mbona ni kubwa hivyo. Mke wangu akajibu kwamba gulioni alikuta za kiume tu. Nikaitazama miguu yake, sijui ni mara ya kwanza tangu lini. Visigino vilikuwa na matundu meusi ya miiba, mengine mapya. Niliona haya, nami nikaificha haya yangu kwa kuanzisha wimbo wa kufunga. Niliuimba peke yangu ubeti mzima.

Mpaka leo nasema mtu yeyote angezisoma nyayo zile kama nilivyozisoma mimi. Jirani sijamwomba radhi. Najiambia kwamba habari haikumfikia, ingawa maziwa hayaji tena. Mabuti nilimnunulia mke wangu; yako chini ya kitanda, hajawahi kuyavaa.

Yeye hajalirudia jambo lile hata siku moja. Akitoka shamba hazifichi tena katambuga zake. Anazivua mlangoni na kuzigeuza, nyayo zikiwa juu, nizione vizuri. Nami nikipita nainama, natazama. Najiambia naangalia miiba.