Dagaa wa Dirishani

Kila nikisikia muhogo mkavu ukivunjwa kwa mikono, tak, mwili hunisisimka. Mwaka niliovunja ungo, kijijini kwetu Mpapura, nilitiwa ndani kama mwali kwa wiki nyingi, na kila asubuhi niliamshwa na sauti hiyo: bibi yangu mzaa mama akivunja makopa uani ili ayatwange. Jua nililiona kwenye ufa wa dirisha tu. Kazi yangu ilikuwa kula, kulala na kutakata. Bibi aliniletea ugali na dagaa wakavu, vichwa na miiba yao, wananuka gunia. "Tafuna na mifupa yake, mjukuu wangu," aliniambia. "Mie nilikuwa nachagua chagua. Haya, nitazame." Mgongo wake ulikuwa umepinda, akitembea anaona vidole vyake vya miguu. Nami, kwa kiburi cha mtoto anayesifiwa rangi, nilisubiri atoke, nikawatupa dagaa dirishani. Paka wa jirani alizijua saa zangu za kula kuliko mimi.

Shuleni tulikaririshwa kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu, lakini sikudhani ni guu lenyewe. Asubuhi moja nikasikia tak, nikajua ni makopa. Kisha nikamsikia bibi akisema kwa sauti ndogo, "Niinueni." Alikuwa amekanyaga kizingiti vibaya, basi. Nyonga ilivunjika. Hakusimama tena. Siku niliyotolewa nje wanawake walinipigia vigelegele, na yeye akalazwa kwenye kitanda nilichokiacha.

Sasa nina miaka hamsini na sita, naishi Mtwara mjini. Mwaka jana nilijikwaa kwenye mkeka, nikajishika kwa mkono, nikaisikia tena sauti ile, safari hii ndani yangu. Daktari aliitazama picha, akasema, "Mama, mifupa imepungua nguvu. Akiba yake huwekwa ujanani, kwa chakula, jua na kukimbiakimbia." Samaki mkunje angali mbichi, mimi nimeshakauka, na ninaogopa kila kizingiti. Mjukuu wangu Zuhura ana miaka kumi na miwili. Hakuna aliyemtia ndani, amejitia mwenyewe na simu yake, pazia limeshushwa mchana kutwa. Nampelekea dagaa, sahani inarudi tupu, nami nilikuwa nikimshukuru Mungu. Jana nilizunguka nyuma ya nyumba kuanua nguo. Chini ya dirisha lake alikuwa ameketi paka, mnene, akitazama juu.