Nilisema Ng'ombe wa Masanja ni Wangu

Kosa ni langu, na nalisema kabla hamjaniuliza. Sikusukumwa na mtu, sikuwa nimelewa, wala sikuwa na njaa. Nilisimama mchana kweupe mlangoni mwa boma langu hapa Shinyanga nikasema neno moja la uongo, na kwa neno hilo nyumba ya rafiki yangu imevunjika.

Jina langu sitalitaja. Siogopi serikali, ni aibu tu. Wa mtaa wetu wakisomewa haya watanijua, na wacha wanijue!

Masanja nimekua naye. Alikuwa kuli pale stesheni, mtu wa kucheka hata akiwa na gunia mgongoni. Mkewe ni Mama Kulwa, mama wa mapacha, Kulwa na Dotto. Ila mahari ya mama huyu ilikuwa haijaisha. Baba yake, mzee mmoja wa upande wa Songwa, alikubali kumtoa binti kwa ng'ombe wachache, na waliobaki Masanja awapeleke akiwapata. Nasi Wasukuma mnatujua: mahari isipotimia, watoto ni wa babu yao mzaa mama. Anaweza kuja kuwachukua siku yoyote, na hakuna baraza litakalomzuia.

Basi Masanja akajinyima. Akanunua ng'ombe mmoja mmoja mpaka wakafika wanne, bado wawili tu. Habari za dhahabu ya Geita zilipovuma, akaona wawili hao atawapata huko. Akaniletea wale wanne niwatunze mpaka arudi. Ndiyo desturi yetu: mimi ninywe maziwa na kupata samadi, ng'ombe na ndama wao wabaki kuwa wake.

"Ndugu yangu," aliniambia, "wanangu wamo ndani ya boma lako."

Nikamwambia nenda salama. Loo!

Hakuna aliyekuwa na macho ya tamaa kama mimi wakati ule. Watu walikuwa wakishuka na kupanda treni kila siku kwenda kutafuta dhahabu, wamechoka, wana vumbi mpaka kwenye kope, na karibu na stesheni hapakuwa na mahali pa kukaa kunywa chai. Nikataka kufungua mgahawa. Nilichokosa ni mtaji. Na sisi wa mitaa ya chini nani angetukopesha? Wenye maduka walituogopa. Walisema sheria ya Wazungu haiwapi nguvu ya kumdai Mwafrika kama mimi barazani, kwa hiyo ukitaka kukopa uwe na kitu cha kushikiwa rehani. Sasa mtu anayelala juu ya mkeka ashikiwe nini?

Bwana Salehe peke yake ndiye aliyeanza kutufungulia mlango. Mtu wa pwani, ana duka la vyakula na nguo. Alimkopesha unga jirani yangu muuza vitumbua, akamlipa. Akamkopesha fundi viatu ngozi, akamlipa. Nami nikaenda. Nilitaka mabati, sukari, majani ya chai, mabirika na vikombe.

"Hayo ni mengi," akasema. "Unga naweza kukupa kwa uso wako. Mabati, hapana. Una nini?"

"Nina ng'ombe," nikasema.

Akaja mwenyewe kuwaona. Akawatazama meno, akawapapasa mbavu. Kisha akanigeukia.

"Ni wa nani hawa? Niambie kweli, wallahi sitaki maneno kesho."

"Wangu."

Na Mama Kulwa alikuwepo! Alikuwa amechuchumaa nyuma ya yule ng'ombe mwenye mabaka, anakamua maziwa niliyowaachia wanawe, katika kibuyu chake. Alisikia. Nikangoja aseme. Aliendelea kukamua mpaka Bwana Salehe akaondoka, ndipo akaja akapiga goti.

"Wabeja, shemeji. Umemficha Masanja macho ya watu."

Mnaelewa alichofikiri? Kwetu ng'ombe wa mtu hawatajwi ovyo mbele ya mgeni. Anayewatunza husema ni wake, ili mwenyewe asionewe kijicho. Yule mama aliona nimetenda uungwana. Akanishukuru! Nami nikapokea shukrani ile, nikamwambia si neno, shemeji. Hapo ndipo ningeweza kumkimbilia Bwana Salehe na kukana. Sikwenda.

Mgahawa ukafunguliwa, watu wakajaa. Nikaitwa bwana. Lakini wengi walikuwa wachimbaji, hawana kitu mfukoni. "Nikirudi na dhahabu nitakulipa, kaka." Nami mjinga nikawapa chai na maandazi kwa maneno hayo, bila hata kuwauliza jina la baba. Waliorudi walirudi kwa njia nyingine, au hawakurudi kabisa. Nzige wakapita, kila kitu kikawa ghali. Nikafunga.

Bwana Salehe alingoja kuliko alivyoahidi, kisha akawaswaga ng'ombe. Sikumlaumu hata siku moja. Mama Kulwa alipokuja na kibuyu chake nilimwambia nimewapeleka mbali kwenye majani. Akaniamini tena.

Masanja akarudi. Hakuwa na dhahabu, amekonda, anakohoa, lakini alikuwa amepata fedha ya wale wawili waliobaki. Hakupitia hata kwake. Alikuja moja kwa moja bomani, akampigia mbinja yule mwenye mabaka kama alivyozoea. Majani yalikuwa yameota mlangoni.

Nikamweleza yote. Nilidhani atanipiga. Afadhali angenipiga!

"Ungekuwa umewauza kwa njaa," akasema, "ningekaa kimya."

Basi. Akaenda dukani, akamweleza Bwana Salehe kwamba wale walikuwa ng'ombe wake. Bwana Salehe akashika kichwa, maana alikwisha kuwauza. Tangu siku ile hakumkopesha tena mtu wa mtaa wetu. Muuza vitumbua akienda kuomba unga huulizwa, "Nawe una ng'ombe wa nani?" Amerudi kutwanga kwa watu.

Mzee wa Songwa alisikia, akaja. Aliamkia kwa upole, mwangaluka, nasi tukaitika. Hakugombana na mtu.

"Nilikukopesha mwanangu," akamwambia Masanja. "Nimengoja vya kutosha."

Akaondoka na binti yake na mapacha. Dotto alipopita mlangoni kwangu aliniamkia, "Shikamoo, baba," kama siku zote. Sikuweza kuitika marahaba.

Masanja alirudi Geita mwezi uleule. Nimefanya kazi za kila namna tangu hapo, kubeba mawe, kuchimba vyoo, na nimenunua ng'ombe wanne. Niliwaswaga mpaka Songwa nikiwa na matumaini makubwa. Mzee alinipa maji ya kunywa, akawatazama, akasema hawezi kupokea mahari kutoka mkono wangu. Aje Masanja. Nimetuma watu Geita, nimekwenda mwenyewe, nimeuliza kambi kwa kambi. Wengine wanasema alihama, wengine wananitazama tu na kubadili maneno.

Jamani, kukopa si kosa. Maskini wa mji asipokopeshwa atasimamaje? Kopeni, lakini wekeni rehani kilicho chenu. Kama huna, sema huna, urudi nyumbani mikono mitupu. Mkirudi hivyo wake zenu watanuna siku mbili, kisha yataisha.

Ng'ombe wale ninao mpaka leo. Mmoja amezaa. Juzi mnunuzi alipita, akampenda ndama, akaniuliza ni wa nani. Nikamwambia ni wa Masanja, na kwamba mwenyewe bado hajarudi.