Dakika Nane za Ijumaa

Nyanchera anafundisha kompyuta katika chuo kidogo karibu na Sironga, lakini mtandaoni anajulikana kwa kitu kingine: programu-jalizi aliyoiunda mwenyewe. Kanisa likiiweka kwenye tovuti yake, huonyesha saa ya jua kutua Ijumaa, Sabato inapoingia. Makanisa zaidi ya tisini yanaitumia.

Mwezi Machi alipata ujumbe wa mtu asiyemfahamu, aliyejiita Obwocha wa Keumbu.

"Madam, kanisa lisipojaza mahali lilipo, programu yako inachukua saa ya Nairobi. Huku kwetu jua linatua kama dakika nane baadaye. Nimerekebisha, msimbo huu hapa. Nipe nywila nitoe toleo jipya mwenyewe, nikupunguzie kazi."

Aliusoma mara tatu. Kosa lilikuwa la kweli, na hilo ndilo lililomtia wasiwasi zaidi.

"Mtu amekuonyesha kosa, unamshuku?" akauliza mumewe, Gibson, akimenya ndizi.

"Baba Lorna, kosa si neno. Nywila ni ya nini? Akiwa nayo ataingiza chochote kwenye tovuti zote hizo, na watu wataamini ni mimi."

Alimpigia simu Loice, karani wa kanisa moja la Keumbu. Loice akacheka. "Akina Obwocha ni wengi hapa. Wa kompyuta simjui." Nyanchera akamwandikia yule mtu kumuuliza anasali wapi. Akajibiwa, "Haidhuru, Madam. Ni toleo dogo tu."

Siku nne alipekua msimbo ule, mistari kumi na minne. Hakuona ubaya wowote, wala hakutulia. Akaufuta, akaandika marekebisho yake. Ijumaa akasimama ukingoni mwa shamba la chai, saa mkononi, ahakikishe. Kilima cha ng'ambo kikalificha jua mapema, ikabidi aziamini hesabu zake.

Jumapili akabadilisha nywila, akatoa toleo 2.4. Kwenye orodha ya mabadiliko alianza kuandika jina la Obwocha, akalifuta, akaweka "mtumiaji mmoja". Kisha akamwandikia: "Asante kwa kuliona kosa. Kutoa toleo ni kazi yangu."

Hakujibiwa. Jumatano akaunti ya Obwocha haikuwepo tena.

"Labda umemuudhi," Gibson akasema.

"Labda."

Pengine alikuwa muumini mwema mwenye haya, na wazo hilo humjia Nyanchera akichuma chai, likamkera. Lakini nywila mpya hajamwambia mtu, hata Gibson.